Udongo Ulaya

Hotuba kwa wahitimu wa uashi, Tanga

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliotoka Pangani, Muheza na Korogwe, na ninyi mafundi wapya mnaotoka jasho ndani ya majoho: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za mchana. Kwenye ratiba nimeandikiwa dakika ishirini, na mada yenyewe ni "kupunguza hewa ukaa katika majengo na ujenzi". Hewa ukaa ni ile gesi inayopaa hewani na kuipasha dunia joto. Aliyeiandika mada hiyo alikuwa amekaa kwenye kiyoyozi, si bure. Mimi nimeshinda saiti miaka zaidi ya thelathini, kwa hiyo nitaisema kisaiti. Na hizo ndoo zilizopangwa hapa mbele, msiniulize kwanza.

Wangapi mmewahi kuingia Mapango ya Amboni? Naona mikono ya karibu wote. Ndiyo raha ya kusoma Tanga. Basi yale mawe yanayoning'inia mle ndani kama mishumaa iliyoyeyuka ni chokaa. Jiwe la ukoo huohuo linachimbwa hapa nje ya mji, linasagwa, linaokwa kiwandani Pongwe, linatoka likiwa ndani ya mfuko wa kilo 50. Saruji mnayoikanyaga kila siku ni jiwe la kwenu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa. Anapanga magogo duara, anapakia mawe ya matumbawe juu yake, anawasha, na tanuu linawaka usiku kucha. Mimi kazi yangu ilikuwa kuokota mawe yaliyoiva baada ya kupoa. Kilichonishangaza ni wepesi wake. Jiwe lililonishinda kulinyanyua juzi linatoka na umbo lilelile, nalibeba mkono mmoja. Nikamuuliza babu, uzito umekwenda wapi? Akanijibu, umekwenda na moshi. Nikadhani ananitania kama wazee wanavyotania wajukuu. Hadi kidato cha tatu, mwalimu wa kemia akaandika ubaoni: kilo 100 za jiwe safi la chokaa zikiokwa zinabaki kilo 56. Kilo 44 zilizopungua ni hewa ukaa, imepaa zake. Babu hakuwa amesoma kemia, lakini alikuwa amebeba mawe.

Kiwandani mambo ni hayohayo, ila kwa ukubwa mwingine. Jiwe la chokaa na udongo vinasukumwa ndani ya tanuru refu linalozunguka, joto linafika nyuzi 1,450, vinatoka vigololi vyeusi vinavyoitwa klinka. Klinka inasagwa pamoja na jasi kidogo, hiyo ndiyo saruji. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Hewa ukaa ya saruji inatoka sehemu mbili. Moja ni moto wenyewe: makaa ya mawe, gesi, mafuta. Ya pili ni jiwe, lile lile alilonionyesha babu. Na jiwe linatoa nyingi kuliko moto, kama sehemu 6 katika 10. Moto unaweza kuubadilisha. Kiwanda cha Wazo Hill pale Dar es Salaam kinatumia gesi asilia ya Songo Songo, na gesi inachafua hewa kidogo kuliko makaa. Lakini hata ukiwasha tanuru kwa jua tupu, jiwe la chokaa litatoa kilo 44 zake. Huwezi kulikataza. Unachoweza ni kutumia klinka kidogo, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Kwa hesabu ya fundi, mfuko mmoja wa kilo 50, kutegemea una klinka kiasi gani, umeshaacha hewani kilo 30 hadi 40 za hewa ukaa kabla hujaufungua. Ukiusikia mzito begani, ujue kuna mwingine umetangulia juu.

Dunia nzima, saruji peke yake inatoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na shughuli za binadamu. Ukijumlisha na chuma, vioo, umeme wa taa na viyoyozi, majengo na ujenzi vinafika zaidi ya theluthi ya hewa ukaa yote inayotokana na nishati na viwanda. Najua mzazi mmoja ameshaanza kukunja uso: hao wanaochafua ni wengine, sisi tuna nini? Ana haki. China ilitumia saruji tani bilioni 6.6 kati ya mwaka 2011 na 2013, na Marekani ilitumia bilioni 4.5 karne nzima ya ishirini. Sisi tukijumlishwa wote hatuonekani kwenye chati hiyo. Sikuja kuwaambia watu wasio na nyumba wasijenge. Nimekuja kuwaambia kwamba sehemu kubwa ya saruji tunayoimwaga haijengi chochote. Imo kwenye ukuta, kwenye sakafu, kwenye nguzo za urembo, na haina kazi. Hiyo unaweza kuiacha kiwandani, nyumba ikasimama vilevile, na pesa ya mwenye nyumba ikabaki mfukoni mwake. Bei ya mfuko mnaijua kuliko mimi.

Wazee wetu saruji waliiita udongo ulaya. Lilikuwa jina la kawaida tu, udongo uliokuja na meli. Mwalimu Nyerere alilirudia jina hilo kwa uchungu mwaka 1977, alipokuwa akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha. Alilalamika kwamba watu wanakataa kujenga nyumba bora kwa vitu walivyo navyo, wanakaa miaka wakisubiri bati na udongo ulaya, na akauita huo ni ugonjwa wa akili kupooza. Maneno makali. Leo saruji haiji tena na meli, tunaioka wenyewe, lakini ugonjwa uko palepale. Ila naomba ruhusa nitofautiane na Mwalimu mahali pamoja: yeye alipendekeza matofali ya kuchoma. Nitayafikia.

Kabla sijawasema wengine nijiseme mwenyewe. Mwaka 2009 nilijenga nyumba yangu Dar es Salaam. Mhandisi mzima. Nilitaka majirani wajue kwamba hapa anakaa mhandisi. Sebule mbili, moja ya wageni ambao mpaka leo hawajafika. Nguzo nne za mbele, nene hizi, juu yake kuna kibaraza ambacho nguzo mbili za mbao zingekibeba zikiwa zinapiga miayo. Paa la bati la rangi ya makaa, kwa sababu lilikuwa fasheni. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma. Na nyumba nikaielekeza barabarani, yaani magharibi, ili geti na sura ya nyumba vionekane vizuri.

Mama akaja kutoka Pangani kuiona. Akazunguka, akasifu vigae, akaingia chumbani nilichomwandalia. Saa nne usiku namsikia anaburuta mkeka. Nikatoka, nikamkuta amelala barazani, kanga imefunika miguu kwa ajili ya mbu. Akaniambia, "Mwanangu, umejenga nyumba au tanuri la boflo?" Asubuhi yake nikaenda kununua kiyoyozi. Mwaka uliofuata vilikuwa vitatu.

Nyumba ile ina makosa ambayo bibi yangu, aliyekaa nyumba ya udongo na makuti, asingeyafanya. Sisi watu wa pwani hatuna kisingizio kwenye hili, maana upepo wetu una majina. Kaskazi inavuma Desemba mpaka Machi, kusi inaanza kama Aprili na kuendelea miezi ya kati ya mwaka. Wavuvi wanaijua, manahodha wanaijua, na mjenzi wa zamani aliijua. Chumba kiwe na dirisha pande mbili, upepo uingie huku utokee kule. Ubavu mrefu wa nyumba uangalie kaskazini na kusini, upande mwembamba upokee jua la asubuhi na la jioni. Paa litoke nje ya ukuta kiasi cha kumfunika mtu aliyekaa barazani. Hapo hakuna mfuko wa saruji ulioongezeka; ni kuchora tu vizuri kabla ya kuchimba msingi.

Na lile dirisha la kusukuma, lipimeni mkirudi nyumbani. Lina futi nne, lakini ukilifungua lote unapata futi mbili, kwa sababu kioo kimoja siku zote kimesimama nyuma ya mwenzake. Umelipia dirisha zima, umepata nusu ya upepo. Luva za zamani, pamoja na kelele zake zote na vumbi lake, zilifunguka karibu zote. Madirisha ya vibao vya mbao vya mlalo vilevile. Sisemi turudi miaka ya sabini, nasema fundi akiulizwa na tajiri wake aweke dirisha gani, awe na jibu.

Paa lile la rangi ya makaa nililipaka rangi nyeupe baada ya miaka sita ya kulipia umeme. Jirani alidhani nimefilisika. Vyumba vikapoa kiasi kwamba kiyoyozi kimoja nikakizima kabisa. Na tukiwa kwenye viyoyozi, niwaambie walio na ndugu mafundi friji: gesi inayozunguka mle ndani, hii inayoandikwa R-410A, inapasha joto dunia kama mara 2,000 kuliko hewa ukaa ya uzito huohuo. Fundi anapofungua bomba na kuiachia hewani apate kujaza mpya, hilo fyuuu moja ni sawa na mifuko mingi ya saruji. Dunia ilikubaliana kuzipunguza gesi za namna hiyo Oktoba 2016, na walikubaliana hapa jirani, Kigali. Basi, hayo nimewaachia mafundi friji, mimi ni wa zege.

Turudi kwenye zege.

Kama kilomita 20 kusini mwa hapa, Tongoni, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya mawe. Mwalimu wenu ameniambia mlipelekwa. Kuta zile zimesimama karne nyingi kando ya chumvi, hakuna mfuko hata mmoja wa saruji. Matumbawe na chokaa. Na chokaa ina tabia moja ya kiungwana: inapokauka ukutani inaivuta tena hewani sehemu ya ile hewa ukaa iliyotoka tanuuni. Hivyo ndivyo inavyogeuka kuwa jiwe tena. Nikiwaonyesha wageni pale huwa wanaanza kuniuliza, mbona msirudi kwenye matumbawe? Hapana. Babu yangu alikata magogo mpaka akawa anayafuata mbali kwa punda, na boriti za mikoko zilizoezeka nyumba za mji mkongwe wa kila mji wa pwani hii zilitoka kwenye misitu ambayo leo tunaihitaji ibaki ndani ya tope, maana tope lile limehifadhi hewa ukaa kuliko hata miti yenyewe. Matumbawe nayo ni nyumba ya samaki, na samaki ni chakula chetu. Cha kuchukua Tongoni ni akili ya mjenzi. Vyumba vyembamba kwa sababu boriti lina urefu wake, kuta nene mahali penye mzigo, urembo kwenye mihrabu na makaburi tu. Hakuweka kitu kisicho na sababu, kwa sababu kila jiwe lilibebwa kichwani.

Saruji ikiwa nyepesi kupatikana, tunaacha kupiga hesabu. Chukueni jamvi la nyumba ya kawaida, yaani zege la sakafu ya chini, mita za mraba 100. Ramani inasema zege la sentimita 10. Kifusi hakikushindiliwa vizuri, ardhi imebonyea huku imeinuka kule, fundi anasawazisha kwa zege. Mwisho wa siku wastani ni sentimita 15. Hiyo ni mita 5 za ujazo za ziada. Kwa mchanganyo wa moja-mbili-nne, saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 na kitu, kwa hiyo ni kama mifuko 30 imezikwa chini ya vigae, na tani nzima ya hewa ukaa imepaa. Kwa sababu gani? Kwa sababu siku ya kushindilia kifusi mashine haikukodiwa, na kamba ya kupimia usawa ilikuwa imelegea. Mwenye nyumba hatajua. Atasema tu, "Ujenzi umepanda."

Halafu kuna kosa kubwa zaidi, na hili ndilo ninalogombana nalo kila saiti. Maji.

Juzijuzi nilipita kwenye ghorofa moja linalojengwa, nitaliacha bila jina na mji. Wanamwaga slabu. Mashine ya kuchanganyia inaguruma, saidia fundi ameshika mpira wa maji, ameuelekeza kwenye pipa la mashine huku anaongea na simu. Zege linashuka kama uji wa mgonjwa, linajitandaza lenyewe. Fundi mkuu amefurahi, kazi inakwenda mbio, hakuna haja ya kusukuma wala kutingisha. Nikauliza, mfuko mmoja mnatia maji kiasi gani? Akanijibu, "Mpaka likolee, mzee."

Mfuko wa kilo 50 unataka maji lita 25, labda 28 mchanga ukiwa mkavu kabisa. Hayo ndiyo maji ambayo saruji inaweza kuyanywa na kuwa jiwe. Ukitia 40, yale ya ziada hayana wa kuyanywa, yanakaa katikati ya kokoto, yakikauka yanaacha matundu madogo usiyoyaona, na nguvu ya zege inashuka karibu nusu. Saruji ni ileile, umeilipia ileile, hewa ukaa yake ni ileile, zege ni nusu. Mhandisi naye anaijua tabia hii ya saiti, kwa hiyo anajihami, anachora nguzo nene zaidi na kuandika saruji nyingi zaidi. Tunaongeza mifuko ili kuziba kosa la ndoo. Ukiongezea na tabia ya kumwaga zege Jumamosi, Jumapili watu hawapo, Jumatatu limeshapauka kwa jua bila kumwagiliwa hata mara moja, hapo umelimaliza. Siku 7 za kwanza zege ni mtoto mchanga. Magunia yaliyolowa, nailoni, mchanga uliolowanishwa, chochote, lisikauke. Maji ya kumwagilia hayatoi hewa ukaa hata chembe.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Naogopa kuna mtu atatoka hapa kesho ampunje mteja wake saruji, akiulizwa aseme mzee wa mahafali alisema tupunguze hewa ukaa. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafa chini yake, na taifa zima likakaa siku kadhaa likisikiliza sauti kutoka kwenye kifusi. Nguzo ikitakiwa mifuko saba, weka saba. Tofali la bloku lililofyatuliwa kwa mchanga mtupu, lile ambalo ukilishusha vibaya linarudi kuwa mchanga, nalo halijaokoa kitu, kwa sababu litajengwa mara mbili. Saruji isiyo na kazi iache. Yenye kazi usiiguse.

Jifunzeni pia kusoma mfuko. Wengi tunasoma picha ya mnyama tu. Pembeni pameandikwa namba, 32.5 au 42.5, na herufi zinazoeleza ndani mna nini. Thelathini na mbili mara nyingi imechanganywa vitu vingine pamoja na klinka: unga wa jiwe la chokaa ambalo halikuokwa, au pozolana, majivu ya volkano kama yale yanayochimbwa Rungwe kule Mbeya. Hiyo ni saruji halali kabisa, na ya kupiga plasta, kujengea ukuta na kufyatulia bloku inatosha na kuzidi. Arobaini na mbili iwekeni kwenye nguzo, mikanda na slabu. Nimeona mtu anapiga plasta ya choo cha nje kwa arobaini na mbili kwa kuwa "ndiyo kali". Ukali wote huo wa nini? Inapasuka vilevile, tena mapema.

Na kuna mchanganyo mpya ambao ninyi mtaukuta mkiwa bado vijana. Badala ya klinka nusu nzima ya mfuko wanaweka udongo wa mfinyanzi uliookwa na unga wa chokaa mbichi. Udongo huo unaokwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, na hautoi ile pumzi ya jiwe. Waliouhangaikia ni watafiti wa Uswisi, Cuba na India, na hewa ukaa inapungua hadi asilimia 40. Cuba walianza nao kwa sababu ya shida, klinka haiwatoshi, udongo wanao. Udongo wa mfinyanzi hapa kwetu, nadhani hamhitaji kuelekezwa. Uliza mama yeyote anayefinyanga vyungu Pare.

Sasa matofali ya kuchoma, nilimwahidi Mwalimu. Tofali la kuchoma ni zuri kwa macho, na halina klinka. Lakini nendeni kwenye tanuri lolote la kienyeji mkatazame kuni zilizopangwa kando. Nusu ya joto linatoka kwenye nyufa, matofali ya nje hayajaiva, ya katikati yameyeyuka, na mwembe wa mtu umekwisha. Wanaotumia pumba za mpunga, kama Mbeya na Morogoro, wana afadhali, maana pumba zingechomwa hata hivyo. Kama ni kuni za kukata, mimi najizuia.

Ninachowapendekezea ni tofali la kufungamana. Wakala wa Nyumba Bora, NHBRA, wamelihubiri miaka mingi mpaka wengine wamechoka kuwasikia. Udongo mwekundu usio na rutuba, saruji sehemu 5 hadi 10 kwa 100, maji kidogo, unakandamiza kwenye mashine ya mkono, unaanika kivulini na kumwagilia. Hakuna moto. Yanashikana kwa meno yake, udongo wa kujengea ni kidogo mno, na ukuta ukinyooka huna haja ya plasta. Shida yake moja ni hii: linamuumbua fundi. Bloku likipinda unaficha kwa plasta ya inchi moja na nusu. La kufungamana likipinda mstari wa tatu, mstari wa kumi dunia nzima inaona. Ndiyo maana mafundi wengi wanamwambia mteja "hayo si imara". Ninyi mmefundishwa kupiga pimamaji na timazi, hamna sababu ya kuyaogopa.

Na mteja akikwambia nyumba ya udongo ni ya maskini, mwonyeshe picha. Francis Kéré, mtoto wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alijenga shule ya kijiji chake kwa matofali ya udongo na saruji kidogo, paa la bati limeinuliwa juu ili joto lipite chini yake. Mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza. Chuo chake cha Turkana, Kenya, kina minara inayovuta joto nje kama kichuguu. Na hapa kwetu tulikuwa na Beda Amuli, aliyechora Soko la Kariakoo miaka ya sabini. Zege tupu lile, lakini zege lenye kazi: mapaa kama miavuli, pembeni wazi, soko zima lilipumua bila feni. Sipingi zege. Napinga nguzo zangu nne.

Jambo la mwisho, kisha mkapige picha. Sensa ya 2022 ilihesabu majengo kwa mara ya kwanza, yakafika zaidi ya milioni 14 nchi nzima. Ukitoka hapa hadi Muheza, hesabu mwenyewe mapagala: misingi iliyoota majani, kuta zilizoishia kwenye linta, mti umetokea dirishani. Kila pagala ni saruji iliyokwisha kuokwa, hewa ukaa yake imekwisha kupaa, na hakuna mtu aliyelala ndani yake hata usiku mmoja. Mteja akija na ramani ya vyumba vitano na pesa ya viwili, mjengee viwili ahamie, na msingi uchore namna ya kuongeza baadaye. Utapoteza kazi kubwa leo. Kesho atakuita tena. Na ukiitwa kubomoa nyumba ya zamani, hapo Ngamiani au Chumbageni, usiharakie nyundo. Gonga kwanza, sikiliza ukuta. Mara nyingi anayetakiwa kuondoka ni bati na fremu za milango, ukuta wenyewe una miaka 50 mbele yake.

Haya, ndoo. Zipo 42, idadi yenu, nimezihesabu mara mbili. Ni za lita 20 za kawaida, nimenunua sokoni asubuhi. Ndani nimepiga mistari miwili ya rangi: mwekundu kwenye lita 5, mweusi kwenye lita 8. Mfuko mmoja wa saruji, ndoo moja iliyojaa, halafu unarudi unachota mpaka mwekundu. Mchanga ukiwa mkavu kabisa, unakwenda mpaka mweusi, hapo unasimama. Mvua ikiwa imenyesha usiku na mchanga umelowa, hata kwenye mwekundu usifike. Rangi ni ya mafuta, haitoki kwa maji, ila msiikwangue kwa mwiko. Tuanze na waliokaa nyuma, wa mbele wamezoea kutangulia. Na yule kijana mwenye simu, weka simu mfukoni kwanza, ndoo inashikwa kwa mikono miwili.